Miaka 11 kwenye usukani wa kamanda

Mpwa wangu kamaliza depo Moshi, chuo cha polisi, juzi. Nilitegemea aniulize habari za mshahara, kama tulivyoulizana sisi zamani. Badala yake akaniambia, "Shikamoo mjomba. Wewe umewaendesha makamanda. Hivi mtu anafikaje pale?" Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu, ila kuna mengi yalibaki.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuwa ofisa. Nilistaafu nikiwa stesheni sajini, dereva. Kwa miaka 11 niliendesha gari la Kamanda wa Polisi wa Mkoa, mikoa miwili, makamanda wanne. Dereva haingii kwenye Kamati ya Usalama ya Mkoa. Anabaki nje na madereva wenzake wakinywa chai ya tangawizi na kubishana mpira. Lakini mzee akitoka humo ndani, uso wake wa kweli nauona mimi peke yangu, kwenye kile kioo cha juu ya usukani.

Kamanda wangu wa pili ndiye nitakayemsema zaidi. Alianza konstebo, akapita cheo kimoja kimoja hadi akavaa nyota. Alikuwa na tabia ya kunigongea saa 11 alfajiri, tunakwenda kituo chochote bila kuwataarifu. Hasalimiani na mtu sana, anaomba kitabu cha RB, kile cha kuandikia taarifa za wanaokuja kituoni, anasoma. Siku moja akakuta mistari miwili: fulani kaibiwa ng'ombe, jalada limefunguliwa. Akamwita kijana wa kaunta. Ng'ombe wa rangi gani? Dume au jike? Ana chapa? Pembe zikoje? Kijana kimya. Baada ya wiki kama mbili ng'ombe akaonekana mnadani, mwenyewe anamtambua kwa macho, machozi yanamtoka, na aliyemleta anasema ni wake toka ndama. Kwenye maandishi hapakuwa na neno hata moja la kumsaidia. Tukiwa njiani kurudi mzee akasema kesi ile iliuawa kaunta, hata mahakama haikuiona.

Kwa hiyo, mpwa, jifunze kuandika. Watu wanadhani ukamanda ni sauti na fimbo ya mkononi. Niliowaona wakipanda ni wale ambao maelezo ya shahidi wakiyaandika, mwendesha mashtaka harudishi jalada. Na PGO, kitabu cha kanuni za kazi ya polisi, isome kabla hujapata kosa la kukufanya uitafute. Mkubwa akikupa amri usiyoielewa, kitabu kile ndicho kitakachokulinda.

La foleni ya vyeo nalo ulijue. Jeshi hili ni la tangu 1919, makao makuu yalikuwa Lushoto kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1930, na Mwafrika wa kwanza kulishika, Elangwa Shaidi, aliingia 1964. Sasa hesabu kiti cha IGP, mkuu wa jeshi zima: Harun Mahundi alikaa toka 1984 hadi 1996, Omari Mahita hadi 2006, Said Mwema hadi 2013. Miaka 29, watu watatu. Walioingia depo siku moja na hao walikuwa wengi, na wapo waliokuwa hodari kweli. Kiti kile huombi, Rais ndiye anayeteua, na ndiye anayekuondoa. Julai 2022 Simon Sirro alitoka kwenye u-IGP akapelekwa ubalozi Zimbabwe, Camillus Wambura akatolewa upelelezi kuja kushika nafasi. Ukijipangia maisha yako yote kwa ajili ya kiti kama hicho utakuwa mtu mchungu sana ukifika miaka 50. Nimewaendesha watu wachungu. Hata redio ya gari hawataki iwashwe.

Nyumbani je? Mke wa kamanda wangu wa tatu alikuwa na maboksi mawili ya vyombo ambayo hakuyafungua mkoa wote ule. Nilimuuliza, akacheka, "Nikifungua tu, uhamisho unakuja." Na ulikuja, kwa simu ya upepo, mwezi mmoja kabla mtoto wao hajafanya mtihani wa darasa la saba. Mke mwalimu au nesi anahamishika kidogo kwa urahisi; mwenye duka anaanza upya kila mara. Lifikirie hilo kabla ya kupeleka barua ya posa.

Kuhusu waandishi wa habari sina mengi. Sema "mtuhumiwa", usiseme "mwizi", hata kama umemkuta ameshika kuku mkononi.

Ila kujenga, hapo nitakushika shati. Jiunge na URA SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha polisi, ukiwa bado konstebo, anza na msingi, kila mwaka kozi mbili za tofali. Kamanda mmoja nilimpeleka kwao siku ya kustaafu kwake. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, miti imeota ndani. Alikaa miaka yote kwenye nyumba ya serikali yenye mlinzi getini, akaona muda upo. Tulipofika akabaki kwenye siti ya nyuma, anasubiri nikamfungulie mlango kama kawaida. Nikamfungulia. Halafu nikaondoka na gari, maana lilitakiwa ofisini kabla ya jioni.

Yule wa pili, wa ng'ombe, alikuwa amejenga. Miezi minne baada ya kustaafu akanipigia simu usiku, nikaruka kitandani kwa mazoea. Alikuwa amenunua kigari kidogo, na kwa miaka zaidi ya 15 hakuwa ameshika usukani. Hakutaka watoto wake wajue. Nikamfundisha siku tatu kwenye uwanja wa shule ya msingi, alfajiri, kabla wanafunzi hawajafika. Mbele alikwenda vizuri. Rivasi ilimshinda kabisa, na hadi leo akija kwangu huegesha barabarani.