Kabla hujapuliza rangi fremu ya pikipiki, ioshe mpaka uchoke

Wakuu, mimi naendesha Boxer, nakaa Kigamboni na kila siku navuka na pantoni, kwahiyo chumvi ya bahari naila mimi na fremu inaila pia. Mwaka juzi kutu ikaanza kuchungulia pale chini ya betri, nikapeleka kwa fundi mmoja akapiga rangi nyeusi siku hiyohiyo, jioni naichukua inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Miezi mitatu tu, rangi ya karibu na mnyororo ikaanza kubanduka, unagusa na kucha kinatoka kipande kizima na chini yake chuma kinateleza grisi. Yaani jamaa alipaka rangi juu ya mafuta!

Safari hii nimefanya mwenyewe uani, siku nne, na kupuliza kwenyewe hakukufika hata saa moja, muda wote uliobaki ni kuosha na kusugua.

Fungua kila kitu kibaki chuma kitupu, injini, swingamu (ule mkono unaoshika tairi la nyuma), mpaka gololi za stelingi (waya zipige picha na simu kabla hujachomoa, utanishukuru). Halafu osha KABLA ya msasa. Wengi tunakosea hapa, ukianza na msasa unaisokomeza grisi ndani ya mikwaruzo na kuitoa huko ni shughuli. Mafuta ya taa yanalainisha grisi fresh tu ila yenyewe yanaacha utelezi, so usiishie hapo, fuata na sabuni ya unga, maji mengi, mswaki wa zamani kwenye kona zilizochomelewa. Utajuaje imetakata? Mwagia maji safi, yakitandaa sawasawa poa, yakijikusanya matone kama kwenye jani la gimbi, rudia, mafuta bado yapo.

Kutu itoe na brashi ya waya, msasa namba 80 palipoliwa sana, 180 kulainisha mikwaruzo, na pale rangi ya zamani imeshika vizuri pitisha 320 ipoteze mng'ao basi. Ukiona kamstari ka kutu kwenye maungio kakague vizuri, inaweza kuwa ufa, huo unachomelewa kwanza. Na namba ya chesisi pale shingoni usiiguse na grenda wala usiizike na puti (ile ya kujazia mabonde), siku trafiki au mteja anaitafuta haisomeki utaonekana umeiba pikipiki yako mwenyewe.

Sasa hewa ya Dar. Nilimaliza kusugua magharibi, nimechoka, nikasema praima (ile rangi ya kwanza ya kushika chuma) kesho. Asubuhi naamka nakuta chuma kizima kina rangi ya chungwa kama kimepakwa manjano ya kupikia, kutu mpya usiku mmoja! Nikarudia msasa wote huku natukana kimoyomoyo. Chuma kikishakuwa kitupu kipige praima siku hiyohiyo, anza asubuhi unyevu ukishakauka, na kama ni masika subiri tu. Dakika za mwisho futa na tina (ile ya kuyeyushia rangi) kwa vitambaa viwili, kimoja kimelowa kingine kikavu (zile tisheti za kampeni zinafaa sana kazi hii), na vaa glavu maana jasho la mkono nalo ni mafuta na chumvi.

Kabla ya kupuliza rudishia bolti kuukuu kwenye matundu yenye nyuzi, ziba na tepu sehemu zinapokaa beringi. Mimi nilijiona nimeziba zote, nikasahau pale unapofungwa waya wa ethi (unaounganisha umeme na fremu, rangi ikikaa hapo umeme haupiti). Nimeunganisha pikipiki yote, majirani wamesimama wanaangalia, nabonyeza selfu, kimya. Fundi umeme akaja, akalegeza bolti moja, akakwangua na bisibisi karangi kasikozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi, ikawaka. Akachukua buku kumi yake akaondoka.