Uvimbe gani huo?

Swali: Natafsiri makala ya tiba ya meno. Nimeandika "wapokeaji wa sababu za ukuaji katika uvimbe wa fizi." Je, ni sahihi?

Jibu: Mpokeaji ni mtu, hupokea wageni, barua, mshahara. Protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli ni kipokezi. Nayo "sababu" hueleza kwa nini jambo limetokea, ilhali hapa pana protini ambayo seli moja huitoa ili nyingine igawanyike, ihame au izibe jeraha. Hicho ni kichocheo cha ukuaji. Hayo ni mepesi.

Kinachonikera, ndugu yangu, na kimenikera miaka mingi, ni huo "uvimbe." Jipu ni uvimbe. Nundu ya kujigonga ukutani ni uvimbe. Saratani nayo ni uvimbe. Sasa soma tena sentensi yako kwa macho ya mgonjwa: ukuaji, uvimbe, fizi. Atalala usingizi kweli? Vichocheo hivyohivyo vya ukuaji ndivyo vinavyochunguzwa kwenye saratani, kwa hiyo hata daktari anaweza kukuelewa vibaya, na kosa litakuwa lako wala si lake.

Tazama ufizi wenyewe. Ukoga umekaa shingoni mwa jino, ukingo wa ufizi umegeuka mwekundu, mswaki ukigusa tu mate yanatoka na damu. Ndani, kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya damu kimenasa kwenye vipokezi vyake. Vimishipa vipya vinachipua, maji yanavuja, nyama inajaa. Kujaa huko ndiko kuvimba, dalili moja tu kati ya nne alizozitaja Celsus, Mroma aliyeandika kuhusu tiba, karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Kuyaita yote uvimbe ni sawa na kuiita mvua matope.

Neno la hali hiyo nzima, dalili zote nne kwa pamoja, tunalo: mchochota, kutokana na kuchochota, kuuma kwa kuwasha, kama jicho lililoingia sabuni. Najua ufizi mgonjwa mara nyingi hauumi. Hata hivyo mchochota haubebi jipu, nundu wala saratani, na kwa hilo tu unastahili kutumika.

Andika: "vipokezi vya vichocheo vya ukuaji katika ufizi wenye mchochota." Ufizi ni mmoja, fizi ni nyingi. Anayesema "fizi yangu inauma" nimeshaacha kumsahihisha, maana anaumwa. Wewe unaandika, huna ruhusa hiyo.