Anza na hiragana, sikio unalo tayari

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni lugha gani ya kigeni unajifunza, na anayeanza leo aanzie wapi? Mimi najifunza Kijapani, na jibu langu ni herufi, tangu siku ya kwanza.

Nauza vipuri vya magari hapa Dodoma mjini. Magari mengi ya wateja wangu yametumika Japani kabla ya kufika kwetu, na mengine ukiyawasha tu, sauti ya mwanamke inasema: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Kuna mzee aliwahi kuniuliza gari lake linalalamikia nini, nikakosa la kumjibu. Iliniuma. Sasa najua: linasema kadi ya kulipia barabara, ya huko kwao, haijachomekwa. Na sikiliza vizuri, kaado ni kadi! Neno la Kiingereza limefika kwao likaongezewa irabu mwishoni, kama lilivyofika kwetu. Kamera kwao ni kamera, benchi ni benchi, hoteli ni hoteru.

Ndiyo maana nasema tunaosema Kiswahili tumeanza na mtaji. Irabu zao ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Angalia urefu tu: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Mtu anayejua kufa si kufaa hahitaji kuelezwa mara mbili. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, nacho hubeba mengi kama chetu: "sikutaka kula" kwao ni neno moja, tabetakunakatta.

Kosa langu lilikuwa kusoma Kijapani kwa herufi hizi zetu kwa miezi minne. Maneno niliyajua, lakini maandishi mekundu juu ya mlango wa Kosta ninayopanda kila siku yalibaki michoro. Nikaanza upya na hiragana, herufi zao za msingi, kila moja ikiwa sauti ya silabi, jumla 46. Nilinunua daftari la hesabu, lile la viboksi, nikawa naandika herufi tano kila jioni, kila moja mstari mzima, huku naitamka. Andika kwa mkono, tafadhali, simu peke yake haitoshi. Wa, ne na re (わ, ね, れ) zina mwili mmoja, tofauti iko mkiani: wa inaishia wazi, ne inajikunja kitanzi, re inatupa mkia nje. Jicho halikuiona tofauti hiyo mpaka mkono ulipoizoea.

Baada ya hapo ni katakana, nazo 46, ambazo huandikia maneno ya kigeni kama kamera na benchi. Kanji, herufi zenye asili ya Kichina zinazobeba maana, ndizo zinazowatisha watu, maana orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, tangu 2010, ina 2,136. Usiitazame orodha. Chukua 口, kijisanduku kitupu: kuchi, mdomo. Ikiungana na kanji nyingine mara nyingi huwa mlango, na sauti yake huweza kugeuka guchi.

Ile ya kwenye Kosta ni 非常口. Niliisoma nikiwa nimesimama, tunaelekea chuo kikuu, kwa sauti bila kujua: hijooguchi. Mlango wa dharura. Dada aliyekaa chini yake aliinua macho akaniuliza, "Kumbe huu unafunguka?"