Kurekodi kikao cha Zoom ukiwa Lamu

Dada, umeuliza vipi utarekodi kikao chako na mawakala wa Malindi ili mwenzio aliye safarini Pate akitazame akirudi. Kama akaunti yako ya Zoom ni ya bure, simu haitakufaa: utarekodi kwa kompyuta tu, na faili hukaa humo humo. Kuhifadhi mtandaoni ni kwa wanaolipa. Kikao chenyewe hukatika kikitimu dakika 40, basi anza na mambo ya bei.

Mkimaliza, tafadhali usifunge kompyuta haraka. Zoom huigeuza rekodi kuwa faili ya MP4 baada ya kikao kwisha, na hapo ndipo watu huipoteza. Umeme wetu unaujua. Betri iwe imejaa kabla. Mimi nilizimikiwa katikati ya hatua hiyo, nikahangaika mchana kutwa.

Na waombe ruhusa mwanzoni, kwa kinywa chako, hata kama Zoom huwatangazia. Sauti na sura ya mtu inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, tena ni adabu. Mwenzio mtilie kwenye flashi, asimalize data kuipakua.