Viti thelathini na mgeni rasmi

Mara ya kwanza nilipoitisha mazungumzo ya mtaa kwenye duka langu la vitabu, hapa Lamu, nilikodi viti thelathini vya plastiki. Vililetwa kwa punda, safari tatu. Nikavipanga safu safu, mbele meza ya mgeni rasmi na maji ya chupa. Mada: vijana na unga, yaani dawa za kulevya. Mgeni akachelewa saa nzima, akahutubia dakika arubaini, akaaga. Nilipouliza nani ana neno, kimya. Nani atasimama mbele ya mtaa mzima aseme mwanawe anatumia?

Kwa hiyo wewe mwenye duka la vitabu unayetaka kujaribu, viti warudishie wenyewe. Wazee wetu walishatujengea baraza za mawe huku na huku ya mlango. Watu hukaa wakitazamana, hakuna wa mbele, na anayepita huketi, akachangia, akenda zake bila kuaga. Mimi sasa naanza baada ya isha, na gharama yangu kubwa ni birika la kahawa chungu na tende. Mwanasiasa mmoja alitaka kuilipia kahawa hiyo. Nilimshukuru, nikakataa. Ningekubali, kesho yake baraza ingekuwa yake.

Njoo na jambo moja la hakika, la sivyo usiku mzima utaishia kwenye uvumi. Tulipozungumzia bandari mpya ya Lamu, iliyowaharibia wavuvi wetu kazi, niliandika ubaoni: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Basi. Wavuvi wenyewe wakaendelea: nani kaandikwa, nani kaachwa, na miamba gani leo haifikiki kwa dau.

Lakini baraza ya nje ni ya wanaume, tusidanganyane. Ilinichukua miezi kuliona hilo, na aliyenifumbua macho ni mke wangu, kwa ukali. Tukaweka siku ya wanawake, alasiri, ndani, mkeka chini na pazia mlangoni. Yeye ndiye mwenyeji, mimi huondoka kabisa. Siku yao ya kwanza waliirudia mada ileile ya fidia. Mama mmoja muuza samaki aliuliza: "Na siye tunaonunua kwao tukakaanga, tunahesabiwa wapi?" Usiku wote ule wa wanaume, hakuna aliyelitaja hilo.

Usitegemee kuuza vitabu siku ya mazungumzo. Usiku wa bandari niliuza kalamu mbili. Mapato yangu ni Januari, shule zikifunguliwa, na juzuu na madaftari mwaka mzima.

Ile mada ya unga sikuithubutu tena. Ilirudi yenyewe. Alasiri moja wenzake wameshatoka, mama mmoja alibaki akijifunga buibui taratibu, akamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Wangu naye yumo." Mke wangu akafunga mlango, akamimina kahawa iliyobaki.