Pua na masikio ya fundi wa boti za faiba

Dada, kama mdogo wako hapo Mwanza anatengeneza boti za faiba na siku hizi hasikii harufu ya dagaa wala TV mpaka aongeze sauti, usikubali aendelee kusema ni mafua. Ile resini kali wanayopaka inatoa mvuke wa kemikali iitwayo stairini. Unawasha macho na pua, sawa, lakini pia unaingia kwenye damu kupitia mapafu na kuharibu chembe za kusikia ndani ya sikio. Na akishika grainda kutwa nzima ndiyo balaa: kelele na stairini vikikutana, madhara yanazidi ya kelele peke yake. Wengine hata kutofautisha rangi kunapungua, hasa bluu na njano. Mwulize, maana watu hawalisemi hilo.

Akikwambia "nimeshazoea, hainuki tena", hapo ndipo pa kuogopa. Pua imechoka tu, mvuke upo palepale. Kitambaa au barakoa ya kawaida inazuia vumbi. Mvuke unataka kinyago chenye vichujio vya kaboni, tena vibadilishwe.

Aende hospitali ya Bugando, idara ya masikio, pua na koo, apimwe usikivu, na kazi yake aitaje bila kungoja kuulizwa. Pua inaweza kurudi akiepuka mvuke. Chembe za sikio zikifa hazioti tena. Majibu ayatunze, WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, watayataka akidai fidia. Tajiri akigoma kununua vinyago, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, Kanda ya Ziwa wapo.