Marchantia na Streptomyces: spora zao hazilingani

Mleta mada, umeuliza kama Marchantia polymorpha, ule mmea bapa wa kijani unaotambaa kwenye udongo na mawe yenye unyevu, unalingana na bakteria wa udongo Streptomyces coelicolor, maana vyote hutambaa na vyote hutoa spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana. Nimevikuza vyote viwili maabara, nikujibu kwa niliyoyaona.

Kwenye agari, ile jeli ya kukuzia viumbe maabara, bakteria huyu huanza kama nyuzi zinazopenya chini. Baadaye uso wake huota unga mweupe, halafu wa kijivu. Unga huo ni nyuzi zilizosimama hewani, ambazo hujigawa vipandevipande kuwa mnyororo wa spora. Hapo hakuna dume wala jike, kila spora ni nakala ya uzi ulioizaa.

Spora ya Marchantia hupatikana kwa taabu zaidi. Mmea dume na mmea jike ni mimea tofauti, na mbegu ya kiume yenye mikia miwili lazima ipate maji ya kuogelea hadi kwenye yai. Spora huja baada ya hapo, zikiwa zimechanganya jeni za wazazi wawili. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, ziache spora za mmea, tazama vikombe vidogo vilivyo mgongoni mwake. Ndani mna vidonge vya kijani. Tone la mvua likidondokea humo, vidonge huruka nje na kila kimoja huota mmea uleule wa mzazi. Mimi huotesha kwa vidonge hivyo, navihamisha kwa ncha ya sindano.

Kwenye jeni ndiko kwenye utamu. Jenomu (DNA yote ya kiumbe) ya S. coelicolor, iliyochapishwa 2002, ina herufi za DNA milioni 8.7 na jeni zipatazo 7,800. Ile ya Marchantia, ya 2017, ina herufi kama milioni 220 lakini jeni 19,000 hivi. DNA mara 25, jeni mara mbili na nusu tu! Bakteria amezibana jeni zake, karibu hakuna nafasi tupu, na baadhi ni za kutengeneza kemikali: antibiotiki, na ile harufu ya udongo uliolowa mvua.

Ukivikuza, tenga sahani. Marchantia inataka mwanga muda mrefu, Streptomyces anataka chakula kwenye agari na joto la nyuzi 30 hivi, hata gizani.